Napoleon juu ya farasi: nakala ya turubai, karatasi ya pamba au bango?

Sebuleni: Wakuu, nataka kuchapisha ile picha ya Napoleon akivuka milima ya Alps, iliyochorwa na Jacques-Louis David, urefu sm 60. Nyumba iko karibu na bahari. Kati ya turubai, karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba na bango linalong'aa, ipi itadumu na ipi itafanana na ya asili?

FundiFremu: Taja kwanza unataka ipi, maana zipo tano. Ile ya kwanza, iliyoko Malmaison, Ufaransa, ina joho la manjano na farasi wa mabaka. Ya Charlottenburg, Berlin, ina joho jekundu na farasi wa kahawia. Ukimwachia mchapaji atafute faili mwenyewe, utapewa yoyote.

Ya Malmaison ni sm 259 kwa 221, kwa hiyo urefu wa 60 unadai upana wa 51. Usiibane kwenye fremu ya dukani ya 50 kwa 70. Ikijaa humo, karibu sm 10 za upana zinakatwa, na chini kushoto ndiko yalikochongwa majina maweni: Bonaparte, Hannibal, Karolus Magnus. Agiza fremu ya kupimwa.

Rangi_na_Wino: Karatasi ya pamba, wino wa pigmenti, yaani wa chembe za rangi. Watu hupenda turubai kwa kuwa ya asili ni ya turubai, lakini hapa picha imepunguzwa zaidi ya mara nne na nyuzi hazikupunguzwa. Uso wa Napoleon unabaki mdogo, halafu nyuzi zinapita juu ya macho na mdomo. Turubai ianze kufikiriwa kuanzia mita moja kwenda juu.

Faili iwe na angalau pikseli 4,000 kwa 4,700. Bango achana nalo: taa zote za sebule utaziona kwenye lile anga la mawingu.

Mkazi_wa_Pwani: Karatasi nyuma ya kioo pwani? Unyevu utaigandisha kwenye kioo. Turubai angalau inapumua.

FundiFremu: Inaganda ikigusa kioo. Weka kadi nene isiyo na asidi pembeni, itenganishe kwa mm 2 au 3. Picha ishikwe juu tu, sehemu mbili. Ukiigundisha pande zote nne, ikivuta unyevu haina pa kutanukia, inajikunja mawimbi. Nyuma usiweke hadibodi tupu. Inavimba na asidi yake huacha madoa ya kahawia. Turubai nayo ina lake: isipopakwa vanishi kabla ya kuvutwa kwenye mbao, wino unapasuka kwenye kona.

Rangi_na_Wino: Na kabla ya kulipa yote, omba kipande cha majaribio cha sm 10 kwa 20 chenye joho na sehemu nyeupe za farasi. Kitazame mchana, dirishani. Weupe ukiwa na uwaridi, joho nalo litaelekea wekundu, na utakuwa umetundika rangi za Berlin kwenye picha ya Malmaison.