Naomba ushauri: nataka kumpeleka baba kutembelea viwanda vya wiski kisiwani Islay

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa waliowahi kutembelea viwanda vya wiski Uskoti. Baba yangu, ambaye alifanya kazi ya kutengeneza bia hadi alipostaafu, atakuja kunitembelea Glasgow mwezi Mei, na ninatamani sana aone kisiwani Islay jinsi shayiri inavyooteshwa sakafuni ikawa kimea, kisha ikakaushwa kwa moshi wa mboji (udongo wa mimea iliyooza, unaokatwa na kukaushwa ili uchomwe kama kuni), kazi ambayo viwanda vya Laphroaig na Bowmore bado vinaifanya vyenyewe kwa sehemu ya kimea chao. Kutoka kijiji cha Port Ellen kisiwani humo kuna njia ya miguu ya takriban kilomita 5 inayopitia viwanda vya Laphroaig na Lagavulin hadi kile cha Ardbeg. Je, mzee wa miaka 70 mwenye maumivu ya goti ataimudu, au tukodi teksi? Mimi sitaendesha gari, kwa kuwa tangu 2014 kikomo cha dereva huku ni miligramu 50 za pombe katika mililita 100 za damu, na kuonja ni sehemu ya ziara yenyewe. Tena, ni kiwanda kipi ambacho mwongozaji hueleza bila haraka uchachushaji na namna pombe inavyochemshwa katika mitungi ya shaba? Baba atauliza maswali ya kifundi, nami nitakuwa ninamtafsiria.