Wakuu, naombeni ushauri wa vifaa vya kumvua basi Ziwa Naivasha

Mwana-Kitengela
Wakuu habari za jioni. Mimi Mtanzania, naishi Kitengela, Kenya, huu mwaka wa nne. Jumamosi ya wiki ijayo nina safari ya Naivasha kumvua basi, yule samaki wa mdomo mkubwa aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929. Sijawahi kumvua. Nilichowahi kuvua mimi ni perege wa bwawani kijijini, kwa ufito na ndoano ya mnyoo.

Sasa nimekwama. Dukani wameniwekea mezani rodi ya futi 7 ya kaboni na nyingine ya futi 6. Rili, vile vigurudumu vya kukunjia mshipi, ziko za kuning'inia chini ya rodi na za kukaa juu. Chambo bandia ndio usiseme: minyoo ya mpira, visamaki vya plastiki vinavyopiga mbizi, vyura wa mpira, vijiko vinavyozunguka. Nyumbani kuna rodi moja ya zamani ya fiberglasi na rili yake, sijui kama inafaa kitu. Usiku silali nikiwaza hili. Sina nafasi ya kwenda mara mbili, siku hiyo lazima samaki apatikane. Ninunue nini, na namvuaje?

Dagaa Mkavu
Nimesoma kichwa cha uzi nikajua unatafuta basi la kwenda Naivasha. Nikaja mbio kukuambia panda matatu.

TexasBongo
Mkuu, hapa umefika kwenyewe. Niko Dallas mwaka wa kumi na moja, na kila nikipata siku mbili za mapumziko utanikuta Lake Fork, ziwa la huku Texas, navua basi.

Chukua ya futi 7, yenye uti mgumu kiasi na ncha laini. Rili chukua ya kuning'inia chini. Ile ya juu kwa mtu mpya ni mateso, ukirusha vibaya mshipi unajifunga mafundo kama nywele zisizojua kitana. Nailoni ya pauni 12 hadi 14 inatosha.

Basi ni mviziaji. Hazunguki ziwa zima kutafuta chakula, anajibanza kivulini kwenye magugu au kwenye shina la mti uliozama, anangoja kitu kipite mbele ya mdomo. Kwa hiyo chambo chako lazima kiingie kwenye magugu bila kunasa. Hapo ndipo mtindo wa Texas unapokuja: uzito mdogo wa risasi uliochongoka, wa kuzamisha, unatangulia kwenye mshipi, halafu ndoano namba 3/0, halafu mnyoo wa mpira. Mchome kichwani, itoe ndoano, igeuze, kisha ncha yake irudishe ndani ya mwili wa mnyoo isionekane. Rusha, acha uzame mpaka chini, nyanyua rodi polepole, acha uzame tena. Wengi wanaumeza wakati unazama. Ukiona mshipi unakwenda pembeni na wewe hujauvuta, kaza, vuta kwa nguvu.

Hiyo fiberglasi ya zamani ipe watoto wachezee.

Huku Fork ndiko ilikotoka rekodi ya basi mkubwa wa Texas, pauni 18.18, Januari 1992. Na sheria ya ziwa hilo ni kali: ukipata wa inchi 16 mpaka 24 unamrudisha majini.

Mama Kirumba
Subiri kwanza. Unamrudisha majini? Mzima? Baada ya kumtoa?

TexasBongo
Mzima mama. Tena wengi tunawarudisha wote hata sheria isipotulazimisha.

Mama Kirumba
Mimi nimekulia mwaloni Kirumba, Mwanza. Marehemu baba alikuwa anategea sangara kwa ndoano, chambo hai. Siku moja alirudi na sangara mrefu kunizidi mimi, nilikuwa darasa la tatu, nikalala chini pembeni yake watu wapime. Ule mguu wa kaptura niliovaa ulibaki na harufu mpaka muhula ukaisha. Kile kichwa peke yake tulikula supu nyumba tatu. Ningemwambia baba amrudishe majini angenirudisha mimi.

Wewe kijana achana na mpira, tafuta chambo hai. Samaki hali plastiki.

Mchungaji wa Mbali
Ndugu yangu, naomba usinielewe vibaya. Kumtoboa kiumbe mdomo ili ufurahi halafu umwachie hiyo siyo riziki. Na hela ya rodi ya kaboni Januari ungelipia ada ya mtoto wa mtu.

Mzee wa Forodhani
Mwanangu, uvuvi ni mkono, mtambo hauvui. Sisi huku Unguja mshipi unapita juu ya kidole hiki cha shahada, chini kuna chubwi na vipande vya ngisi. Changu akionja nakwambia huyu changu kabla sijamwona. Ukinunua rodi ya milioni na kidole hakijui kusikia, utarudi na rodi yako.

Nahodha wa Kamere
Boss, karibu Naivasha. Mimi niko na boti hapa Kamere miaka kumi na sita. Hujasema kitu kimoja. Utavulia ukiwa wapi?

Mwana-Kitengela
TexasBongo ubarikiwe sana, mtindo wa Texas nimeuelewa, nimejaribu kwa ndoano ya kawaida na kipande cha kandambili. Mama Kirumba, chambo hai nitaangalia. Mzee, shikamoo, nimekusikia. Swali: rangi ya mnyoo ni ipi? Na chura wa mpira ninunue au niache?

Nahodha wa Kamere
Rangi nunua ya kahawia yenye wekundu. Hapa kuna wale kamba wekundu wa maji baridi walioletwa 1970, basi mkubwa anawala sana. Chura ni mzuri juu ya gugumaji asubuhi. Pia ujue siku hizi wavu unaleta kapu wengi zaidi, yule samaki Wazungu wanamwita "carp", tangu aingie ziwani 2001. Basi anatafutwa, hajitokezi tu. Mimi wa kilo moja nikimpata napiga picha.

Lakini nimeuliza. Utakuwa wapi? Ukingoni ama kwa boti?

Mwana-Kitengela
Nitakuwa majini.

Nahodha wa Kamere
Majini na nini?

Dagaa Mkavu
Na suruali iliyokunjwa.

Mwana-Kitengela
Sikutaka kulileta hapa kwa sababu uzi ni wa rodi na chambo. Nimenunua boti ya kupuliza, ya watu wawili. Ina makasia, ina pampu, imeandikwa inabeba kilo 200. Nimeitoa 18,500 za Kenya na duka halirudishi hela, kwa hiyo hilo limeshapita, tuendelee na vifaa. Nitakaa mita ishirini tu kutoka ukingoni, kwenye mafunjo, siendi katikati.

Mama Kirumba
Ya watu wawili. Wa pili nani?

Mwana-Kitengela
Kijana wa miaka 11.

Nahodha wa Kamere
Wacha nikueleze polepole.

Huyo basi unayemtafuta anapenda ukingo wa mafunjo, chini ya gugumaji, na ile migunga iliyokufa ikiwa imesimama ndani ya maji tangu ziwa lipande, ile 2020 maji yaliingia mpaka nyumba za mtaa wa Kihoto. Kiboko pia anapenda hapo hapo. Usiku anakula nyasi nchi kavu, alfajiri anarudi, mchana analala kwenye maji ya kina kifupi. Hizo mita ishirini zako ndizo kitanda chake. Na ile saa basi anauma vizuri ndiyo saa kiboko anavuka kurudi.

Wewe utakuja na kitu cha mpira, kiko chini, hakina sauti. Kiboko akizama anakaa dakika kadhaa, wewe unaona maji yametulia, unarusha mshipi wako. Akiibuka kuvuta pumzi anakukuta juu yake. Hataki kukula, anataka tu utoke, lakini kwa lile jino mpira na mguu ni kitu kimoja. Sisi tuko na injini na boti ngumu, na bado tunahesabu vichwa vya viboko kabla ya kusogea, tunajua kundi gani linakaa wapi, na kuna siku tunaona hesabu haijatimia tunageuza.

Halafu upepo. Asubuhi ziwa limelala. Mchana upepo unaanza, mawimbi yanakuja. Boti ya mpira itasukumwa ndani ya gugumaji na kwa kasia hutatoka.

Na usiseme basi nitasimama ukingoni. Alfajiri ukisimama kati ya kiboko na maji, umesimama kwenye njia yake.

Mwana-Kitengela
Nahodha nimekusoma, nashukuru. Ila video ziko nyingi, watu wanavua basi kwenye vitu hivi hivi, tena vingine miguu inaning'inia ndani ya maji, na hakuna kinachotokea. Nitavaa jaketi la kujiokolea. Na nitaenda saa tatu, siyo alfajiri.

TexasBongo
Mkuu, hizo video ni za huku. Mimi mwenyewe nina boti ya hivyo. Huku hakuna kiboko. Nisamehe, nilikujibu aya nzima ya rodi bila kukuuliza utavulia ukiwa wapi.

Mzee wa Forodhani
Mwanangu, hiyo boti iuze.

Mpekuzi
Naomba niingilie. Mimi huwa sijibu uzi kabla sijapitia nyuzi za mwenye uzi. Februari mwaka huu huyu huyu alifungua uzi: "Nina miaka 29, sijaoa, sina mtoto, natafuta mchumba mwenye hofu ya Mungu." Leo ana kijana wa miaka 11? Halafu wiki hii hii kwenye jukwaa la biashara kuna mtu anauza boti za kupuliza za watu wawili, bei haipishani sana na hiyo. Wakuu, hapa tunatangaziwa biashara. Subirini, mtu atatokea kuuliza "mkuu ulinunua duka gani?"

Dagaa Mkavu
Hapo sasa! Ngoja nilete karanga.

Mama Kirumba
Na mimi nimeshamwandikia habari za baba yangu.

Mchungaji wa Mbali
Nilihisi tangu mwanzo. Mtu anayetafuta mchumba hana nafasi ya kutafuta chura wa mpira.

Mzee wa Forodhani
Msimwite mtu mwongo kabla hajajibu. Hiyo si adabu.

Mpekuzi
Mzee kwa heshima zote, ana saa tano hajajibu na anaonekana yupo hewani.

Nahodha wa Kamere
Akiwa anauza, kuna mtu atanunua, na atakuja hapa kwetu. Kwa hivyo niliyoandika yabaki.

Mwana-Kitengela
Nilikuwa naandika nafuta.

Ule uzi wa Februari ni wangu na kila neno ni kweli. Sina mtoto. Kijana ni wa marehemu kaka yangu. Kaka alifanya kazi shamba la maua, wakikaa Karagita, hapo hapo Naivasha, miaka saba. Jumapili alikuwa anavua. Alimwahidi mwanawe kwamba akifikisha miaka kumi atampeleka kumvua basi. Alifariki mwaka juzi, mtoto ana miaka tisa. Mwaka jana hela haikupatikana. Sasa ana kumi na moja, na likizo hii amehamia kwangu, na hajaniuliza hata mara moja. Ndiyo maana silali.

Ile fiberglasi ni rodi ya kaka.

Boti nilinunua kwa sababu niliulizia boti ya injini ya siku nzima nikaona nikilipa hiyo sitanunua rodi. Nilijua mtaniambia mambo ya viboko. Ndiyo maana sikuandika.

Mama Kirumba
Pole sana mwanangu. Mungu amlaze pema kaka yako.

Mpekuzi
Pole kwa msiba. Sisemi unadanganya. Ila nimeona hapa watu wanaliliwa wanachanga, kwa hiyo mtu asitume hela.

Mwana-Kitengela
Sijaomba hela ya mtu. Niliomba ushauri wa rodi.

TexasBongo
Na nilikupa vibaya. Niliposema uwape watoto wachezee, nafuta. Fiberglasi inapinda polepole kuliko kaboni, na kwa vile visamaki vinavyopiga mbizi hilo ndilo tunalolitafuta. Samaki akikidaka, rodi haimnyang'anyi mdomoni. Huku kuna watu wanaziagiza mpya kwa kazi hiyo peke yake. Usinunue kaboni. Mtoto avue na ya baba yake.

Nahodha wa Kamere
Kweli. Lakini mshipi wa zamani toa wote kwa rili, usibakishe hata kidogo. Nailoni ikikaa miaka inakakamaa, inakatika na samaki mkononi. Pitisha pamba kwa zile pete za rodi, ikinasa nyuzi ujue pete imepasuka, itakata mshipi mpya. Rili ipake mafuta kidogo, izungushe usikie kama inakwaruza.

Boti ya siku nzima hauhitaji. Masaa matatu ya asubuhi yanatosha, mkigawana na watu wengine wawili inakuwa nafuu zaidi. Hapa Kamere watu huja wakitafuta wa kugawana nao. Pitia ofisi ya uvuvi kwanza uulize leseni na kama ziwa liko wazi wiki hiyo.

Dagaa Mkavu
Karanga nimezirudisha. Mkuu, akimpata tuwekee picha ya mtoto na samaki.

Mama Kirumba
Na huyo samaki asirudishwe majini. Huyo wa kwanza aliwe.

TexasBongo
Huyo wa kwanza aliwe, sina ubishi.

Mwana-Kitengela
Nahodha, mtoto ana kilo 31. Jaketi la saizi yake lipo au nitafute Nairobi?

Nahodha wa Kamere
Niko na mawili ya watoto. Kuna moja mkanda wa kupitia katikati ya miguu umekatika, hilo usikubali mtu akupe, chukua lile lingine. Mje saa kumi na mbili na nusu, kukiwa kumekucha, tuone maji. Mkifika msishuke kwa maji, ngojeni pale juu kwa gari.

Mwana-Kitengela
Tutafika. Ile boti nimeshaipakia kwenye buti, nitakuja nayo tu, ikikosa kazi nitarudi nayo.

Nahodha wa Kamere
Itoe.