Mrejesho: mabaka ya Spitfire yamekubali

Wakuu, asanteni kwa majibu yenu. Niliuliza jinsi ya kupuliza mabaka ya kijani juu ya kahawia kwenye modeli ya Spitfire (ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia) ya kipimo cha 1:48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi, bila mipaka kuonekana kama imekatwa kwa wembe. Ushauri wa kutumia Blu Tack, ile gundi laini kama udongo wa kuchezea inayobandukika, ndio uliofaulu. Nilitanguliza kahawia, nikaiacha ikauke usiku kucha kwa kuwa hewa ya ziwani hapa Kisumu ina unyevu, kisha nikaviringisha Blu Tack iwe kamba nyembamba ya milimita 3 hivi, nikailaza juu ya mistari ya mabaka na kufunika sehemu za ndani kwa vipande vya tepu ya karatasi. Jambo kubwa ni pembe: rangi ikipulizwa wima, mpaka hupata ulaini kidogo tu, lakini ukielekeza mdomo wa kipulizio chini ya kamba, rangi hupenya na kuacha ukungu mpana usiofaa kabisa kwa kipimo hiki. Tepu peke yake, kwa maoni yangu, ibaki kwa vioo vya rubani. Kwa aliyeuliza mbona sikutumia kijivu: kwenye Spitfire halisi rangi hiyo ilichukua nafasi ya kahawia Agosti 1941, nami natengeneza ndege ya 1940.