Akaunti ya akiba ya kila mwezi: inalipa au tunajidanganya? (Ulinganisho na UTT, SACCOS na mchezo)

Mwalimu_Nachingwea
Wakuu habari za jioni. Naomba tuchambue hili kwa hesabu, ushabiki tuuache kwenye mpira.

Mwaka jana nilifungua akaunti ya malengo kwenye benki moja, jina naliacha. Masharti: kila mwezi naweka 150,000, sigusi kwa miezi 12, riba asilimia 6 kwa mwaka. Nilikuwa natafuta hela ya kuezekea. Nikapiga hesabu zangu za mwalimu wa Kiswahili: 150,000 mara 12 ni 1,800,000, asilimia 6 yake ni 108,000. Mwaka umeisha, nimekuta riba 52,650! Nimekwenda tawini, kijana wa dirishani ananiambia "ndivyo mfumo unavyohesabu, mama."

Sasa niendelee, nihamie UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja), niongeze kwenye SACCOS yetu ya walimu (chama cha akiba na mikopo), au nirudi kwenye mchezo wa kina mama wa hapa mtaani? Safari hii nataka milango na madirisha.

Hesabu_za_Kaunta
Pole mwalimu, ila hujaibiwa. Nimefanya kazi benki, hili swali nilikuwa naulizwa kila Januari.

Riba ya mwaka inalipwa kwa shilingi iliyokaa mwaka mzima. Hela yako ya Januari ilikaa miezi 12, ya Februari 11, ya Desemba ikakaa mmoja tu. Jumlisha 12 na 11 na 10 mpaka 1, unapata 78. Laki na nusu kwa asilimia 6 inazaa 750 kwa mwezi. 750 mara 78 ni 58,500. Toa kodi ya zuio asilimia 10, inabaki 52,650. Haijapungua hata senti. Huyo kijana alishindwa kukueleza jambo la dakika mbili, kosa ni hilo.

Dada_wa_Mbezi
Kwa hiyo mtu kaweka 1,800,000 kapata 52,650, hiyo haifiki hata asilimia 3. Mfumuko wa bei wenyewe ni 3 na ushee. Si bora angenunua mabati mapema?

Hesabu_za_Kaunta
Dada usichanganye. Bei zikipanda kwa mwaka mzima, hela ya Desemba imeumizwa mwezi mmoja tu, sawasawa na ilivyozaa mwezi mmoja tu. Linganisha 6 ukitoa kodi, yaani 5.4, na hiyo 3 na ushee. Bado yuko juu. Anayeliwa ni mwenye akaunti ya akiba ya kawaida, ile ya kuweka na kutoa utakavyo. Nyingi riba yake haifiki asilimia 3, na kuna makato juu. Ile ni pochi, tusiiite akiba.

Lakini kwenye mabati uko sahihi. Kama vifaa unaweza kuvinunua kidogo kidogo na una pa kuviweka, nunua. Tatizo ni milango: mbao ukiiweka chini miaka miwili mchwa nao wana mipango yao.

Dada_wa_Mbezi
Hapo sawa 😂 Basi nitoe upande wangu. Niko Mfuko wa Ukwasi wa UTT mwaka wa nne. Unanunua vipande, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko, unaongeza kwa simu mshahara ukiingia, na ukitaka kutoa unajaza maombi, hela inafika ndani ya siku 3 za kazi. Hakuna anayekufungia. Mwaka uliopita vipande vyangu vilikua karibu asilimia 11. Mwalimu kwa laki na nusu yako ya kila mwezi, kwa hesabu ileile ya 78, ungepata kama 107,000. Tofauti na benki ni elfu 54 hivi.

Mzee_Kibosho
Elfu 54 ni hela, siikatai. Ila wanangu mwambieni na upande wa pili. Vipande havina riba ya kuahidiwa. Mfuko unawekeza kwenye amana za benki na dhamana za serikali, kipande kinapanda kulingana na hizo. Kimekuwa kikipanda, vizuri, lakini hakuna aliyekusainia asilimia 11.

Na benki nayo inaweza kuanguka kama ukuta wa Yeriko. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki 5 kwa siku moja, Efatha na Meru Community zikiwemo. Wakati ule kinga ya Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa 1,500,000 kwa mteja. Siku hizi ni 7,500,000. Kwa kiwango cha mwalimu, benki ikifungwa hela yake yote imo ndani ya kinga. Vipande havimo kwenye bima hiyo, wala akiba ya SACCOS haimo.

Bodaboda_Moro
Mimi naweka kwenye simu tu.

Dada_wa_Mbezi
Na inakaa?

Bodaboda_Moro
Haikai 😅

Mama_Shufaa_Tanga
Sisi tunaokwepa riba mbona mnatupita? Asilimia 6 na asilimia 11 kwetu mlango ni mmoja, maana huo Mfuko wa Ukwasi nao umekaa juu ya riba. Kuna Amana Bank tangu 2011, na benki nyingine zina dirisha la Kiislamu. Mimi nina akaunti ya mudharaba, benki inafanyia biashara hela, faida tunagawana kwa uwiano tuliokubaliana. Mwezi mwingine inakuja kidogo, mwingine kinatoka kitu cha maana. Mwalimu, kama riba si shida kwako basi endelea na hesabu zenu.

Katibu_SACCOS
SACCOS msiilinganishe na akaunti kwa gawio, mtakosea. Watu wanaweka kwetu kwa sababu ya mkopo. Chama changu kinakopesha mara 3 ya akiba, na riba yake mwanachama anaimudu kuliko ya wakopeshaji wa mtandaoni. Mwalimu mwenye akiba ya 1,800,000 anaweza kuomba 5,400,000 akaweka milango na madirisha yote kwa mpigo, makato yakaenda na mshahara. Ubaya wake: hiyo akiba huitoi mpaka ujitoe uanachama, na kujitoa kuna notisi. Ukipata msiba usiku, SACCOS haikusaidii kesho asubuhi.

Dada_wa_Mbezi
Mchezo je?

Katibu_SACCOS
Mchezo wa watu 10, anayepokea wa kwanza kakopeshwa bure, wa mwisho kawakopesha wenzake bure. Kama mwalimu atapewa namba ya kwanza au ya pili, hakuna benki itakayomshinda. Akipewa ya 10 anaomba Mungu kijumbe, anayekusanya hela, asihame mtaa.

Mwalimu_Nachingwea
Katibu umenigusa. Kijumbe wetu wa 2021 alihama. Nilikuwa namba 8.

Mzee_Kibosho
Pole sana mwanangu. Hapo sasa mchezo umejitoa wenyewe.

Hesabu_za_Kaunta
Mwalimu nikuulize, maana hujalisema. Katika miezi ile 12, ulishawahi kutaka kuitoa ile hela?

Mwalimu_Nachingwea
Mara nne. Ada ya mtoto wa kaka, harusi mbili, na shemeji alikuwa anataka kukomboa pikipiki. Wote niliwajibu "hela iko benki, haitoki mpaka Desemba," na ni kweli ilikuwa haitoki. Shemeji alinuna wiki mbili, kisha akaacha.

Hesabu_za_Kaunta
Basi hiyo ndiyo riba yako. Zile elfu 54 za vipande utazipata kama hutavigusa. Hela inayotoka kwa siku 3, kwa shemeji mwenye pikipiki, mimi naona haifiki Machi. Dada wa Mbezi ana moyo wake, sote hatunao.

Dada_wa_Mbezi
Mimi sina moyo, nina ndugu wachache 😂 Lakini kweli. Mwalimu usitaje UTT mbele ya mtu.

Mwalimu_Nachingwea
Asanteni wakuu. Nimeamua hivi: laki moja inaendelea kufungwa benki, na safari hii nitaweka mwanzo wa mwezi, maana masharti ya mwaka huu yanasema ukichelewesha mwezi mmoja riba ya mwezi huo inakwenda. Hamsini inakwenda kwenye vipande, nione kama nina moyo. SACCOS nabaki na mchango ule wa lazima.

Swali la mwisho kwa Hesabu: nikivunja kabla ya miezi 12 napoteza riba yote au ya mwezi ule tu?

Hesabu_za_Kaunta
Kila benki na mkataba wake. Nyingi zinakurudisha kwenye kiwango cha akiba ya kawaida kwa muda wote uliokaa. Chukua karatasi uliyosaini, soma sehemu ya kuvunja kabla ya muda. Ukiipiga picha uilete hapa, funika namba ya akaunti.

Bodaboda_Moro
Na mimi naomba namba ya hao vipande.

Mzee_Kibosho
Wewe anza na benki.