Komini inataka kuuliza raia na polisi kuhusu usalama: mkutano mmoja kwa kila katiye (mtaa) unatosha?

Karani_wa_komini

Wandugu, jambo kwenu. Tuko watu 10 katika komini moja ya Lubumbashi yenye katiye 8. Baraza la usalama wa ujirani, lile CLSP, linataka mpango wa mwaka mmoja, na bugumestre, mkubwa wa komini, ametupa wiki 6 tukusanye maoni ya wakaaji na ya polisi wenyewe. Tulifikiri kuita mkutano mmoja mkubwa kila katiye, watu waseme, tuandike, tupeleke. Inatosha? Na polisi tuwaulize namna gani, wakati mbele ya mkubwa wao hakuna atakayefungua kinywa?

Hesabu_za_mtaa

Mkutano peke yake hautoshi, ndugu. Atakayekuja ni mwenye nafasi mchana na mwenye sauti kubwa. Mama anayetoka sokoni usiku hayumo, mpangaji wa chumba cha nyuma hayumo.

Piteni kwanza kwenye lupango, yaani viwanja vya nyumba. Nyumba 400 zinatosha, 50 kila katiye. Chukueni orodha ya avenu kwa shefu wa katiye, mpige kura mpate avenu 5, halafu kila avenu lupango 10 kwa kuruka: ya tano, ya kumi, ya kumi na tano. Lupango likiwa na kaya nne, pigeni kura tena, msimchukue tu mwenye lupango. Nyumba hii mwanaume, inayofuata mwanamke, wote wa miaka 18 kwenda juu. Mlango ukiwa umefungwa, rudini Jumamosi jioni kabla ya kuuacha. Kwa watu 400, jibu la komini nzima linayumba kama pointi 5 juu au chini. Kwa 50 wa katiye moja linayumba karibu 14. Basi katiye moja ikitoa 40 kwa mia na nyingine 48, msitangaze kwamba ya pili ina hatari zaidi.

Kitu kinachoharibu kazi zaidi ni swali. "Shida zenu za usalama ni zipi?" italeta umeme, maji, barabara na kazi. Ulizeni: "Mwezi uliopita, wewe au mtu wa nyumbani mliogopa kupita wapi? Saa ngapi? Mliogopa nini?" Na saa iandikwe 20h, si "saa 2". Mmoja anahesabu Kiswahili, mwenzake Kifaransa, na patrui (doria) itatumwa usiku wa manane wakati watu walinyang'anywa simu baada ya jua kuzama. Muulizaji amuulize mtu palepale: giza lilikuwa limeingia tu, au watu walikuwa wamelala?

Mama_Kampemba

Ongezeni vikundi vidogo vya watu 8 hadi 10: wanawake peke yao na mwongozaji mwanamke, vijana peke yao, wenye pikipiki za abiria peke yao. Ubakaji hausemwi mbele ya shefu wala mbele ya mume. Ukihesabu mikono tu, wizi wa kuku utaushinda, na hilo ni kosa zito.

Pasiwe na uniforme chumbani. Na mtangaze mwanzoni kabisa: hapa hatutaji majina ya washukiwa. Likitajwa moja, kikao kinageuka mahali pa kulipizana kisasi, na aliyelitaja anarudi nyumbani na adui. Karatasi isiwe na jina wala namba ya lupango.

Brigedia_mstaafu

Kuhusu polisi: maajenti na mabrigedia kikao chao, makomisaria chao. Karatasi bila jina, ndani ya sanduku lililofungwa, na wote wapewe bic za rangi moja. Sanduku lifunguliwe na watu wa komini, si na komisaria. Maswali manne yanatosha: sehemu na saa mnazoitwa sana, sehemu mnazoogopa kwenda, kazi mnayopewa isiyowahusu, na kitu gani kinawazuia. Hilo la mwisho ndilo lenye nyama. Mtaambiwa tochi, mafuta, unite za simu, kulala posti siku mbili mfululizo. Ratibuni vikao viwili kila su-komisaria (kituo kidogo cha polisi), maana nusu yao wako zamu.

Fungueni pia rejista ya malalamiko ya miezi 12, ila msiiamini peke yake. Mahali raia anaombwa pesa ili aandikiwe, rejista inakuwa nyeupe, na weupe huo si amani.

Karani_wa_komini

Asanteni sana. Na kama katiye nyingi zitajibu kwamba wanachoogopa ni trakaseri, yaani usumbufu, za polisi wenyewe barabarani?

Brigedia_mstaafu

Iandikwe kama ilivyosemwa, mukubwa. Mkiifuta, mwaka kesho hakuna atakayewafungulia mlango. Malalamiko ya mtu mmoja mmoja yaende kwa oditora (mwendesha mashtaka) wa kijeshi, kwa sababu polisi wetu anahukumiwa na mahakama ya kijeshi. Ndani ya mpango muweke sehemu, saa, na nani mwenye amri ya kusimamisha watu pale.

Hesabu_za_mtaa

Kuchagua vipaumbele: kila mjumbe wa baraza maharagwe 5, anayagawa kwenye vikombe nyuma ya pazia, asimfuate shefu. Halafu pimeni ukubwa wa jeraha, na kama polisi wanaweza kuligusa ndani ya miezi 6. Taa za barabarani ni kazi ya komini na SNEL, shirika la umeme, ziandikwe upande wao. Bakizeni vipaumbele 3, si 12. Sheria ya 11/013 ya Agosti 2011 ndiyo inayoongoza polisi yetu, na Bukavu, Kananga na Matadi ndiyo miji iliyojaribu kwanza polisi ya karibu na raia; waandikieni wa huko wawape fomu zao. Uingereza sheria ya polisi ya 1996 inalazimisha kuuliza wakaaji, ila kulazimishwa kuuliza hakumlazimishi mtu kurudisha jibu.

Ndani ya siku 30 bandikeni ukutani kwa shefu wa katiye karatasi ya safu tatu, kwa Kiswahili: mlisema nini, tutafanya nini na nani, kipi hatuwezi na kwa nini. Safu ya tatu ndiyo watu watasoma kwanza.