Mafinga: mshahara umepanda 50,000 tu tangu 2021. Tuombe kiasi gani kwenye mkataba wa hali bora?

Katibu_Tawi
Wakuu, naomba msaada wa hesabu. Tawi letu la chama cha wafanyakazi lipo kiwanda cha mbao hapa Mafinga na tunakaribia kujadili na mwajiri mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja ya mishahara na masharti ya kazi. Mwendesha mashine alikuwa na mshahara wa msingi 600,000 mwaka 2021. Mwaka 2024 ukafika 650,000. Mwajiri anasema ameongeza asilimia 8.3, na kwamba wastani wa mishahara ya sekta rasmi unapanda, hivyo hatuna cha kulalamikia. Wanachama wanasema hali imebana kuliko zamani. Nipeni hoja yenye namba.

Hesabu_Uyole
Anza na mfumuko wa bei wa NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu), kwa asilimia: 2022 ulikuwa 4.3, 2023 ukawa 3.8, 2024 ukawa 3.1. Usijumlishe, zidisha: 1.043 × 1.038 × 1.031 = 1.116. Bei zimepanda asilimia 11.6. Ili 600,000 ibaki na nguvu ileile ilitakiwa kuwa kama 669,700. Kwa 650,000 mtu amepungukiwa karibu asilimia 3, hata kama karatasi inaonyesha nyongeza.

Kumbuka pia kwamba chakula kina uzito wa asilimia 28 hivi kwenye kapu la bidhaa ambalo NBS hutumia kupima bei. Familia ya kipato hiki hutumia sehemu kubwa zaidi kwa unga, mafuta ya kula na mkaa, na baridi ya Mufindi mwezi wa sita na wa saba haihurumii mfuko.

Mizani_Mbeya
Mkuu hapo juu yuko sahihi, ila amepima kabla ya makato, na huko ndiko kidonda kilipo. Viwango vya PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara) vimekaa palepale tangu Julai 2021. Toa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 kwanza, kisha kodi: kinachozidi 520,000 mpaka 760,000 hulipiwa 20,000 pamoja na asilimia 20 ya ziada.

600,000: NSSF 60,000, kodi 24,000, mkononi 516,000.
650,000: NSSF 65,000, kodi 33,000, mkononi 552,000.

Katika ile 50,000 mfanyakazi amepata 36,000, yaani asilimia 7 dhidi ya bei zilizopanda 11.6. Mkononi amerudi nyuma zaidi ya asilimia 4. Ili arudi alipokuwa anahitaji kama 576,000 mkononi, na hiyo inadai mshahara wa 683,300. Huo ndio mstari wenu wa chini. Nyongeza halisi inaanzia juu yake.

Mti_Mkavu
Hoja ya wastani isiwatishe. Wastani unavutwa juu na wachache wenye mishahara minono. Tena kiwanda kikipunguza vibarua wa kima cha chini, wastani unapanda bila yeyote kuongezwa shilingi. Ombeni takwimu za sekta yenu, binafsi na ya umma zikiwa mbalimbali, na mtazame mshahara wa mtu wa katikati, yule ambaye nusu ya wenzake wanapata zaidi yake na nusu pungufu.

Katibu_Tawi
Asanteni sana. Je, kima cha chini cha serikali cha 500,000 tangu Julai 2025 tukitaje? Na mwajiri akitoa nyongeza kwa njia ya posho ya nyumba, tukubali?

Mizani_Mbeya
Ndugu Katibu, ile 500,000, kutoka 370,000, ni ya watumishi wa umma. Sekta binafsi inafuata Amri ya Mshahara, yaani tangazo la serikali la kima cha chini kwa kila sekta, nayo ni sakafu tu. Msijenge hoja yenu juu yake.

Posho kataeni, au ibaki sehemu ndogo. Saa ya ziada hukokotolewa kwa mshahara wa msingi: 650,000 gawa kwa 195 (saa 45 kwa wiki mara 4.333), kisha zidisha kwa 1.5, unapata 5,000. Ile 33,300 ya kutoka 650,000 hadi 683,300 ikiingia kwenye msingi, saa inakuwa kama 5,256. Ikiwa posho, inabaki 5,000. Kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka nacho hufuata msingi.

Hesabu_Uyole
Andaeni na hesabu ya upande wa pili. Kwa mwajiri mwenye watu 10 au zaidi, kila shilingi ya mshahara inambebesha NSSF 10, SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) 3.5 na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) 0.5 juu yake, jumla asilimia 14. Nyongeza ya 33,300 inamgharimu kama 37,960 kwa kila mtu. Zidisheni kwa idadi ya wafanyakazi kabla hamjaingia kwenye majadiliano, maana ndiyo namba ya kwanza atakayoitoa mhasibu wake. Na mkataba uandike kwamba kila mwaka mshahara wa msingi utapanda angalau kwa mfumuko wa NBS wa miezi 12 iliyopita, mwezi wa kupimia ukitajwa.

Katibu_Tawi
Napeleka hivyo kwenye kamati ya tawi, na tutaweka mwezi wa Juni kuwa wa kupimia.