Ushauri: Indiana Jones ya nne tuionyeshe Idd mbele ya Mjomba, au tuishie ya tatu kama kaka anavyotaka?

Mwana wa Mtanda (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Naomba mnisome mpaka mwisho. Jambo lenyewe ukilisikia juu juu ni dogo, lakini mimi na kaka yangu wa tumbo moja tumeingia wiki ya tatu hatupigiani simu.

Sisi ni watoto wa Lindi mjini, Mtanda. Miaka ya tisini mjomba wetu alikuwa na banda la video: mabenchi ya mbao, televisheni ya inchi 21, deki, na jenereta nyuma ya ukuta. Mikanda ilitoka Dar. Wa huku mnakumbuka hali ilivyokuwa kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003. Masika yakikolea barabara inakatika, mabasi hayapiti, mkanda mpya hauji. Miezi miwili, mitatu, mnaangalia kilichopo. Kwa Mjomba kilichokuwepo ni mikanda mitatu ya Indiana Jones, yule msaka vitu vya kale wa sinema za Marekani, ya 1981, ya 1984 na ya 1989. Tuliziangalia mpaka tukazihifadhi. Mtoto wa Mtanda wa rika langu ukimfumba macho anakwambia jiwe linaanza kubingirika saa ngapi na nyoka wanatokea upande gani.

Mjomba alitafsiri mwenyewe, amekaa kwenye kigoda pembeni ya deki, Kiswahili na Kimwera humo humo. Nilipofika sekondari nikaanza kuelewa Kiingereza, nikagundua nusu ya maneno alikuwa anatunga, na aliyotunga mengine yalikuwa matamu kuliko yenyewe. Ya tatu ikifika mwisho, wale wanne wanaondoka juu ya farasi jua linazama, anazima deki kabla majina hayajapita. Anasema: "Wameenda zao. Msiwafuate."

Sasa Idd inayokuja ukoo wote unakutana kwa Mjomba. Nimekodi projekta, jirani ametupa ukuta wake mweupe, tunataka watoto wetu waone picha moja kila usiku baada ya Isha. Mimi nimepanga usiku nne, yaani na ile ya 2008 imo. Kaka anasema tatu, basi. Anasema ya nne ni kumfukua marehemu. Maneno yake: "Ukiiweka hiyo kwenye ule ukuta na Mjomba amekaa pale, mimi mnihesabu sipo." Na kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye ukoo, kwa hiyo neno lolote linalosemwa juu ya heshima yake lina uzito. Mjomba ana sabini na kitu, mwaka jana alitolewa mtoto wa jicho na sasa anaona vizuri. Ya nne hajawahi kuiona.

Nitasema ukweli wangu. Nilipoiona mara ya kwanza nilikasirika kuliko hata kaka. Niliirudia mwaka niliomzika baba. Mle ndani kuna sehemu stelingi yuko nyumbani kwake, mezani kuna picha ya baba yake na picha ya rafiki yake Brody, wote wameshakufa, na yeye mvi zimejaa. Sikuweza kuendelea, nilisimamisha pale. Tangu siku hiyo siwezi kuitukana ile picha.

Naombeni ushauri. Niionyeshe, au nimsikilize mkubwa wangu?

Korosho Newala

Mkuu, mimi niko na kaka yako. Mtu anajifungia ndani ya jokofu, bomu la nyuklia linalipuka, jokofu linaruka angani kama kifuniko cha soda, linabamiza chini, mtu anatoka anajipangusa. Hapo picha ilinifia. Stelingi hafi, hilo tunalijua tangu tukiwa watoto, lakini lazima aumie! Huyu jamaa tulimpenda kwa sababu anapigwa. Ya kwanza alipoburuzwa nyuma ya lori nilikuwa nasikia mimi mchanga kwenye magoti. Lile jiwe Harrison Ford, mwigizaji wake, alikimbia nalo nyuma yake mwenyewe, na hofu unaiona usoni.

Halafu wale siafu. Jamani, sisi tunaishi na siafu. Wakiingia banda la kuku usiku, asubuhi unakuta manyoya. Hawahitaji kukuzwa na kompyuta wawe kama panya ndipo watutishe.

Fundi wa Picha

Nipo Dar lakini mzaliwa wa Shangani, Mtwara, na kazi yangu ni kuhariri video, kwa hiyo naomba nitenganishe vitu viwili ambavyo Newala amevichanganya.

Picha tatu za mwanzo zinatokea 1936, 1935 na 1938, kwa mpangilio huo zilivyotoka. Watengenezaji, George Lucas na Steven Spielberg, walikuwa wanaziiga zile sinema za vipande za miaka ya thelathini, mhusika anaachwa ananing'inia, urudi wiki ijayo. Ndiyo maana adui mkubwa wa ya kwanza na ya tatu ni Wanazi. Ilipofika 2008 Ford ameshazeeka, alitimiza miaka 65 akiwa kwenye upigaji wenyewe, Julai 2007, kwa hiyo hadithi ikasogezwa mpaka 1957. Na sinema za bei nafuu za miaka hiyo ya hamsini zilikuwa hivyo hivyo: Warusi, bomu la atomiki, wageni kutoka angani. Waliochukia wageni wa angani wanadhani watengenezaji walipotea njia. Hawakupotea, waliichagua. Unaweza kuikataa njia yao na bado ukakubali kwamba waliijua.

Kitu cha pili ni mkono wa kompyuta, na hapo nasimama na Newala. Yule kijana wa stelingi kwenye ya nne anabembea kwenye kamba za mimea msituni na nyani, pale hakuna uzito, macho yanakataa. Ya 1981 walikuwa Tunisia kwenye jua kali, Ford anaharisha damu, pambano refu la upanga lilikuwa limepangwa na yeye hana nguvu ya kusimama. Wakalikata, akatoa bastola, akampiga yule jamaa risasi, basi. Kila mtu anaikumbuka sehemu hiyo. Kompyuta haiharishi, ndiyo shida yake.

Ushauri wangu: onyesha, ila waambie watoto mapema kuwa karibu miaka ishirini imepita kati ya ya tatu na ya nne, ndani ya hadithi na nje yake hivyo hivyo.

Mama Wawili Masasi

Kaka zangu, mnagombana juu ya ya nne na hakuna hata mmoja aliyegusa ya pili? Mleta uzi, watoto watakuwa wa umri gani? Kwenye ya pili kuna mtu anang'olewa moyo kwa mkono akiwa hai. Huko Marekani kwenyewe wazazi walilalamika mwaka ule wa 1984 mpaka likaanzishwa daraja jipya la umri kwa ajili ya picha za namna hiyo. Na Wahindi wameonyeshwa wanakula ubongo wa nyani mezani. Serikali ya India ilipoyaona yaliyoandikwa ilitaka yabadilishwe, wao wakahamia Sri Lanka kupiga huko. Mtu anayejali heshima aanzie kuuliza hapo.

Wanangu mimi walianza na ya nne. Ndiyo waliyoikuta kwenye flashi ya baba yao. Wanaipenda, wanacheza siafu uani. Huo uchungu ni wenu nyie mliosubiri. Wao hawakusubiri chochote.

Korosho Newala

Dada hapo kwenye ya pili umenishika. Jokofu silisamehe.

Mzee wa Kilwa

Wanangu, mimi nimefundisha historia miaka mingi kabla ya kustaafu, naomba niseme kwa kirefu kidogo.

Huyu bwana anashika kitu cha kale cha watu na kusema mahali pake ni makumbusho. Watoto wa Lindi wakiona hayo, mkubwa mmoja awaulize: makumbusho ya nani? Tendaguru ipo mkoani kwenu. Wajerumani walichimba pale 1909 hadi 1913, wakatoa zaidi ya tani 200 za mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, na kila kipande kilishuka mpaka bandari ya Lindi juu ya vichwa vya mapagazi, babu zenu. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Leo mjusi wa Tendaguru amesimama Berlin, urefu kwenda juu unapita mita 13, na watu wanalipa kiingilio. Jina la Boheti lilipewa mjusi mmoja wa Tendaguru mwaka 2007, karibu miaka mia baadaye.

Sasa sikilizeni ninapoelekea. Katika ya kwanza Sanduku la Agano linachukuliwa linafungiwa ghalani Marekani. Katika ya pili jiwe linarudi kijijini kwake, hilo tuwape. Lakini ya nne, hiyo mnayoiita takataka, safari yake yote tangu fuvu la kioo linapopatikana ni kulirudisha lilikotoka. Anayetaka kulitumia kwa nguvu zake anaangamia. Mimi sijali jokofu. Ningewaonyesha watoto hiyo, halafu asubuhi niwapeleke bandarini niwaambie: hapa ndipo mifupa ilipopakiwa.

Wajue pia kwamba mafuvu ya kioo yapo kweli kwenye makumbusho za Ulaya na Marekani. Lile la London wataalamu walilichunguza wakakuta limechongwa kwa gurudumu, chombo ambacho wenyeji wa Mexico hawakuwa nacho kabla ya Wahispania.

Chikongola Finest

Mzee shikamoo. Ongeza na lipiko letu. Barakoa ya Kimakonde iliibwa Makumbusho ya Taifa Dar mwaka 1984, ikaonekana kwenye makumbusho ya watu binafsi Geneva, ikarudishwa 2010. Babu yangu alikuwa mchongaji, habari ile alinisomesha gazeti mara mbili.

Mzee wa Kilwa

Marahaba mjukuu wangu. Umenena.

Dada wa Mikindani

Mleta uzi, nimesoma yote. Umeandika kaka anasema hivi, wewe unaona vile, Mjomba ataumia, Mjomba ataheshimiwa. Sijaona mahali Mjomba ameulizwa.

Na jambo moja mmelipita wote kama halipo. Ya nne inaishia kwa ndoa. Marion, mpenzi wake wa ya kwanza, anarudi, Karen Allen yule yule, miaka 27 baadaye, na uso wake wa utu uzima. Mimi nililia. Wanaume mmekaa mnahesabu siafu.

Mwana wa Mtanda

Dada wa Mikindani, umenifanya niweke simu chini kwanza.

Ya kwanza ikiisha, Marion anamshika mkono wanashuka ngazi. Mjomba pale alikuwa na maneno yake, ya kutunga, hayamo kabisa kwenye picha: "Huyu atamuoa. Si leo." Ikija ya pili Marion hayumo, ya tatu hayumo. Watoto tunapiga kelele, Mjomba, ndoa iko wapi? Anajibu: "Bado mahari." Miaka yote ile, kila masika. Nilisahau kabisa. Kesho nampigia.

Korosho Newala

Na ya tano ya 2023 je, nayo mtamwekea mzee?

Fundi wa Picha

Hiyo iliongozwa na James Mangold, Spielberg hakuwa kwenye kiti cha mwongozaji. Mwanzo wamemrudisha Ford ujana kwa kompyuta na sauti imebaki ya mzee wa miaka themanini, mimi ilinisumbua. Gharama ilikuwa kubwa mno na sinema hazikuirudisha. Mwisho wake ni mzuri, mzuri sana, ila ni picha ya huzuni. Iacheni kwa Idd nyingine.

Mwana wa Mtanda

Narudi na majibu, samahani nimechelewa siku mbili.

Nimempigia Mjomba. Sikumweleza ugomvi, nilisema tu kuna ya nne, ya 2008, na Marion amerudi. Kimya. Halafu: "Yule mwenye baa kwenye theluji?" Nikasema huyo huyo. "Wameoana?" Nikasema wameoana, kanisani, watu wamejaa. Akasema, na nanukuu neno kwa neno kwa sababu nilirekodi: "Nimewaahidi watu wa Mtanda ndoa hii wengine wamekufa hawajaiona. Imekuja, na nyie mmeificha?"

Sikuwa na la kujibu. Nikamwambia atusamehe.

Ile sauti nilimtumia kaka. Hakujibu usiku ule. Jana mchana akapiga, mara ya kwanza baada ya wiki tatu na ushee, akaniuliza projekta nimekodi kwa bei gani na kama waya utafika. Tukaongea vitu vingine. Mwishoni akasema atakuja usiku zote nne, ila kwenye jokofu atanyanyuka aende kunywa kahawa kwa jirani, arudi. Nimekubali.

Ya pili wadogo wa chini ya miaka kumi watalala mapema kwa bibi yao, ahsante Mama Wawili. Mzee wa Kilwa, asubuhi ya Idd pili tunawapeleka bandarini, na ukiweza kuja kutoka Kilwa uje uwaeleze mwenyewe, chakula kipo.

Sasa Mjomba anataka kigoda chake na anataka kutafsiri yeye, zote nne, hiyo ya mwisho bila kuiona kabla. Kifua chake si kile cha zamani na uani patakuwa na watu. Mwenye kipaza sauti na spika ya kukodisha Lindi mjini anitumie ujumbe, ile ya jamaa wa projekta inakoroma.